Maneno Mazito ya Kiingereza: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Magwagwa

Orodha hii ni ya watu wa Magwagwa, kwetu Gusii nchini Kenya, na majirani zao wa Ekerenyo, na mtu yeyote mwingine anayekipenda Kiingereza kigumu kuliko anavyokielewa. Haikuandikwa kumfurahisha mtu. Watu wa mjini hudhani maneno adimu ya Kiingereza yako kwao, kwenye maktaba na mahakama kuu. Si kweli. Yamo kwenye daftari za watoto wanaopita njia ya soko kila asubuhi, yamo kwenye Biblia ambazo wazee wa kanisa hawataki kuzibadilisha, kwenye kipaza sauti cha matanga, na kwenye karatasi za mashamba ya chai. Tuanze na watoto, kwa sababu hao ndio tuliowaharibu wenyewe.

Usishindilie insha pamba. Shuleni maneno makubwa huitwa "bombastic words", na mwalimu akiyakuta anatia tiki nyekundu, wakati mwingine mbili. Neno "bombast" lilikuwa na maana ya pamba. Katika karne ya 16 washonaji wa Uingereza walishindilia pamba ndani ya mavazi ya mabwana ili vifua na mikono ionekane minene. Baadaye jina hilo likahamia kwenye maneno ya mtu anayejaza nafasi. Kwa hiyo mwalimu anayemsifu mtoto kwa "bombastic words" anamwambia, bila kujua, kwamba insha yake ni godoro.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu, wala si mpya. Kamusi ya kwanza ya Kiingereza iliyofafanua maneno kwa Kiingereza chenyewe ilichapishwa mwaka 1604 na Robert Cawdrey, kasisi aliyewahi pia kufundisha shule. Ilikuwa na maneno kama 2,500 hivi, na yote yalichaguliwa kwa sababu ni magumu. Mtu angetarajia kwamba mwandishi wa kitabu kama hicho atawahimiza watu wayatumie. Kinyume chake, katika dibaji aliwakemea wasomi wanaotafuta maneno ya mbali hata mama zao wenyewe wasingeelewa wanachosema. Kamusi aliitunga ili msomaji aelewe, na wala hakukusudia mtu ajipambe nayo.

Usimkaririshe mtoto orodha ya maneno bila sentensi. Nimeziona hizo daftari: mstari katikati ya ukurasa, neno upande wa kushoto, maana upande wa kulia, basi. Zilizaliwa na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulioanza mwaka 1985 na kufanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ambapo insha ya Kiingereza ilikuwa na alama 40 na dakika 40 za kuiandika. Mtihani umekufa na daftari zimebaki. Neno bila sentensi halimwambii mtoto linakaa na nani, linamkasirisha nani, wala linatumika wapi.

Usiandike "pandemonium" kwa sababu kuku wawili wamepigana uani. Neno hilo alilitunga John Milton katika shairi lake la mwaka 1667, na ni jina la makao makuu ya mashetani wote kuzimu. Mzazi Mwadventista angelijua hilo, angeirarua insha.

Usiandike kwamba shangazi alilia kama "banshee". Banshee ni pepo wa kike wa Ayalandi, na kilio chake husikika kabla ya mtu kufa. Shangazi alilia baada ya kifo. Isitoshe, kilio cha wanawake wa Kigusii msibani kinajulikana, kina mpango wake na maneno yake, na anayeweza kukieleza kwa Kiingereza chepesi atampita kwa mbali yule aliyeazima pepo wa watu.

"Flabbergasted" acha tu. Mwaka 1772 lilikuwa likitajwa miongoni mwa maneno mapya ya kimtindo mjini London, na mpaka leo lina harufu ya mtu anayejionyesha.

"Decimate" litumie kwa uangalifu. Jeshi la Roma lilipotaka kukiadhibu kikosi kilichoasi, lilimuua mtu mmoja katika kila kumi, na neno lina kumi ndani yake. Mvua ya mawe ikipukutisha shamba zima la chai, magazeti yetu huandika kwamba chai imekuwa "decimated". Watunga kamusi wamekubali maana hiyo pana. Mimi bado.

Usitamke neno ambalo umeliona kwa macho tu. "Awry" na "epitome" zimewaaibisha watu wenye shahada.

Fanya hivi badala yake: kila neno uliulize mwaka. Kamusi ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884 na kazi nzima ikakamilika mwaka 1928, iliandikwa kwa utaratibu huo hasa. Kila maana ina tarehe, kutoka ya kale kabisa hadi ya sasa. Ndipo unapogundua kwamba "nice" lilikuwa tusi. Lilitokana na Kilatini, likiwa na maana ya mtu asiyejua kitu, na Mwingereza wa karne ya 14 aliyeitwa hivyo alikuwa ameitwa mjinga. "Silly" lilipita njia hiyo hiyo kwa kurudi nyuma: kwanza mbarikiwa, kisha asiye na hatia, kisha wa kuhurumiwa, mwisho mpumbavu. "Girl" lilikuwa mtoto yeyote, wa kiume au wa kike.

Mtoto wa Magwagwa hahitaji kuelezwa hili kwa urefu. Kwetu, kwa Kigusii, "baba" ni mama, na "tata" ndiye mzazi wa kiume. Mgeni kutoka Mombasa akimsikia mtu mzima akimwamkia bibi kizee kwa kumwita "baba", atadhani amesikia vibaya, kumbe amesikia sawasawa, ila kwa lugha nyingine. Kiingereza cha mwaka 1611 na cha leo vinahitilafiana namna hiyo. Maandishi ni yale yale na mwenye jina si yule.

Ndiyo maana usihubiri kutoka Biblia ya King James kwa kutegemea Kiingereza ulichofundishwa shuleni. Waadventista walifungua misheni ya Nyanchwa, karibu na mji wa Kisii, mwaka 1912, na tafsiri hiyo ya 1611 bado ina wapenzi wengi miongoni mwao. Ni tafsiri nzuri mno. Lakini imejaa maneno ambayo yanaonekana rahisi, na hayo ndiyo hatari, kwa sababu neno gumu mtu ataliuliza, na neno rahisi atalipita.

Fanya hivi: weka kando yake Biblia ya Kiswahili, ile ya Union iliyokamilika mwaka 1952. Hakuna kamusi bora ya Kiingereza cha zamani kwa mtu wa Afrika Mashariki, na kila nyumba inayo. Soma Walawi sura ya 2. Kiingereza kinataja sadaka ya "meat", na nimemsikia mhubiri akieleza jinsi madhabahu ilivyonukia nyama ya kuchoma. Kiswahili kinasema sadaka ya unga. Na kweli, sura hiyo ina unga, mafuta na ubani, wala haina nyama. "Meat" wakati ule ilikuwa chakula chochote. Nyama ziko sura ya 1 na ya 3, aende akahubiri huko. Vivyo hivyo "corn" ambayo wanafunzi wa Yesu waliivunja wakipita mashambani siku ya sabato. Hayo ni masuke ya ngano. Mahindi asili yake ni Amerika, na upande huu wa dunia haukuyajua kabla ya safari za Columbus zilizoanza mwaka 1492. Hata hapa kwetu wimbi lilitangulia mahindi.

Matangani hali ni mbaya zaidi. Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 4, aya ya 15, husomwa karibu kila kaburi, na Kiingereza cha kale kinasema walio hai hawata-"prevent" waliolala. Anayesoma kwa maana ya leo anaelewa kwamba hawatawazuia. Kiswahili kinazungumzia kutangulia, na hiyo ndiyo maana ya Kilatini ya neno hilo: kuja mbele. Katika waraka wa pili, sura ya 2, aya ya 7, "let" lina maana ya kuzuia, kinyume kabisa cha kuruhusu tulikozoea. Maana hiyo ya kale bado iko hai kwenye tenisi, mpira unapogusa wavu wakati wa kuanzisha, na kwenye pasipoti ya Uingereza inayoomba mwenye kuibeba apite bila "let" wala kizuizi.

Na tafadhali, "peculiar people" wa Petro si watu wa ajabu. Nimesikia mahubiri mazima ya kuwahimiza vijana wawe vituko. Biblia ya Kiswahili inataja milki, na Kiswahili ndicho kilichopatia. "Peculiar" limetoka kwenye neno la Kilatini la mali ya mtu binafsi, nalo likatoka kwenye neno la mifugo. Mzee wa Kigusii aliyepokea ng'ombe wa mahari akawatia zizini mwake anaelewa maana hiyo kuliko profesa. Ukikutana na "unicorn" katika Hesabu 23:22, usichore farasi mwenye pembe kwenye ukuta wa shule ya sabato. Watafsiri wa Kiingereza walifuata Biblia ya kale ya Kigiriki iliyoandika mnyama wa pembe moja. Kiswahili kinasema nyati, na nyati tunamjua.

Emsii wa matanga naye asikilize. "Eulogy" ni Kigiriki cha kusema mema, kwa hiyo madeni ya marehemu na ugomvi wa mpaka havina nafasi hapo. "Pallbearers" ni wabebaji, na "pall" ni kile kitambaa kinachofunika jeneza, kwa hiyo usiwaite hivyo vijana waliokuja kuchimba kaburi. "Hearse" kwanza lilikuwa haro, chombo cha meno cha kulainisha udongo shambani. Likawa kinara cha mishumaa chenye umbo hilo juu ya jeneza kanisani, kisha likawa gari. Hili si lazima ulitangaze. "Bereaved" lilikuwa kunyang'anywa, kuporwa kwa nguvu, na ni moja ya maneno machache ya Kiingereza cha msibani ambayo bado yanasema kweli.

"Demise" lichunge sana, maana lina kazi mbili na moja yake iko kwenye shamba lako. Magazetini ni kifo. Lakini mwanzo wake ni sheria: kuhamisha haki ya ardhi kwa wosia au kwa kukodisha. Mfalme wa Uingereza alipokufa, taji lilihama kwa mrithi, ndipo wanasheria wakaita tukio hilo "demise" ya taji, na watu wa kawaida wakadhani ni neno la heshima la kufa. Maana ya kwanza haikufa. Anayekodi shamba la chai akakuta kwenye mkataba "demised premises", asishtuke wala asitafute kaburi. Ni shamba linalokodishwa.

Kuanzia hapa sitaki mzaha. Usitie sahihi wala kidole gumba kwenye karatasi ya ardhi kwa sababu maneno yake unayajua. Maneno ya karatasi hizo ni ya kawaida kwa sura na ni ya kale kwa maana. "Consideration" si kufikiria wala huruma. Ni kile kinachotolewa kubadilishana na ardhi, yaani bei. "Charge" si malipo ya huduma ofisini. Ni rehani, na benki ikiiandikisha kwenye daftari la ardhi, shamba limefungwa mpaka deni liishe. "Caution" si ushauri wa kuwa mwangalifu. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 ni zuio linaloandikwa kwenye daftari, na likishaandikwa msajili hatakubali uhamisho unaokwenda kinyume nalo mpaka liondolewe. Wazee wengine bado wanaita "caveat", Kilatini cha "ajihadhari", lililotumika kwenye sheria nyingine ya hati iliyofutwa wakati huo huo. Mnunuzi anayeambiwa shamba lina "caution" akajibu kwamba atakuwa mwangalifu ameshaingia shimoni.

Soma hati ya kale, zile zilizotolewa chini ya sheria ya ardhi ya mwaka 1963. Inamtaja mwenye shamba kuwa "absolute proprietor", na wengi husimama hapo kwa furaha. Endelea. Mstari unaofuata unasema umiliki huo uko chini ya "overriding interests", yaani haki zinazolibana shamba hata kama hazikuandikwa popote. Miongoni mwazo ni njia za kupita, haki za maji, na kitu kinachoitwa "profits". Hiyo si faida ya bonasi ya chai. Ni haki ya mtu mwingine kuingia shambani mwako na kuchukua kitu, kama kuni, nyasi au mchanga. Jirani aliyekuwa akiteremka kwa shamba lako kuchota maji mtoni tangu kabla ya upimaji huenda ana haki kuliko ua wako wa seng'enge. Usimfungie kabla ya kumwuliza wakili.

Neno la mwisho la ardhi ni "void". Kiasili ni tupu, na sheria imelishikilia hivyo hivyo. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 inasema uuzaji au ukodishaji wa shamba la kilimo katika eneo linalodhibitiwa bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi ni "void". Maana yake haukuharibika baadaye, haukuwahi kuwapo. Ombi la idhini hupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba. Fanya hilo kwanza, ndipo upande hata mche mmoja.

Hapa nitaongeza jambo la pembeni kwa faida ya anayependa mizizi ya maneno. "Cattle", "chattel", "capital" na "chief" yametoka neno moja la Kilatini, kichwa. Ng'ombe, mali inayohamishika, mtaji na chifu wa lokesheni ni ndugu. Kenya ilikuwa na sheria ya kuweka "chattels" rehani mpaka ilipofutwa mwaka 2017, na chini yake mtu angeweza kuweka ng'ombe wake dhamana. Lugha ilikuwa inajirudia bila mtu kutambua.

Mwanafunzi wa historia, usiisome ripoti ya mkoloni kwa kamusi ya leo peke yake. Utakuta kwamba mwaka 1905, na tena mwaka 1908 baada ya Mgusii Otenyo kumchoma mkuki Northcote, afisa wa serikali ya kikoloni, Gusii ilipelekewa "punitive expedition", na kwamba lengo la kazi kama hiyo liliitwa "pacification". La kwanza ni adhabu, la pili ni kuleta amani. Sasa angalia lilikotoka hilo la pili. Mwaka 1576 "Pacification" ya Ghent ilikuwa makubaliano: pande mbili zilizokuwa zikipigana ziliketi, zikaandika masharti, zikatia sahihi. Miaka zaidi ya 300 baadaye neno lile lile lilitajwa ambapo nyumba zilichomwa, ng'ombe wakatekwa, na watu wenye mikuki wakapigwa bunduki. Hakuna aliyeketi na Mgusii. Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, alisoma taarifa za mwaka 1908 na akahoji kwa nini watu wasio na kinga waendelee kuuawa kwa wingi namna hiyo. Naye hakuwa rafiki yetu. Alichofanya ni kuziangalia hesabu za waliokufa badala ya kuliangalia jina la operesheni. Mfuate katika hilo tu.

Usiamini kila neno kwa sababu limechapishwa. Mwaka 1934 kamusi kubwa ya Webster ya Marekani ilitoka ikiwa na neno "dord", maana yake msongamano wa kitu, kwa istilahi za fizikia na kemia. Halikuwa neno. Mtu alikuwa ameandika kwenye kikaratasi kwamba herufi D, kubwa au ndogo, ni kifupi cha msongamano huo, na mwenzake akazisoma herufi na kiunganishi chake kama neno zima. Lilikaa miaka mitano kabla ya mhariri kugutuka. Kama wataalamu walipitwa na hilo, simu yako itapitwa na mengi. Neno ulilolipata kwenye ujumbe wa kutumiwa, lenye picha ya machweo na maana tamu, litafute kwenye kamusi mbili kabla hujaliweka kwenye kadi ya harusi.

Mwisho, walimu. Msikate alama kwa neno kwa sababu tu mtoto amelitoa nyumbani. Mwezi Juni 2022 Kamusi ya Oxford iliingiza na kurekebisha karibu maneno 200 ya Kiingereza cha Afrika Mashariki. Yamo "jembe", "unga", "sambaza", "come-we-stay", na "tarmac" likiwa kitenzi, la kuzunguka mjini kutafuta kazi. Hilo la mwisho lina ukoo unaojulikana kuliko "flabbergasted" yenu: lami ya Edgar Hooley, aliyeipatia hataza mwaka 1902, ilichanganywa na jina la McAdam, Mskoti aliyejenga barabara za kokoto karne moja kabla yake. Mtoto wa Magwagwa akiandika kwamba kaka yake ame-"tarmac" Nairobi tangu amalize chuo, ametumia neno lenye tarehe, lenye ukoo na lenye mtu anayemjua ndani yake. Wekeni tiki hapo, na ile ya "pandemonium" mwifute.